Wakristo walioanzisha shule, kisha wakazikimbia

Mwambie mtu wa Dar kwamba ipo familia, baba na mama wote wana digrii, nyumba nzuri, gari lipo, lakini wameamua kwa hiari yao watoto wasikanyage shule. Swali lake la kwanza litakuwa: ada imewashinda? La pili: hivi serikali haijawakamata?

Marekani familia za namna hiyo ni nyingi, na tangu miaka ya 1980 sehemu kubwa yao imekuwa ya Kikristo. Mama ndiye mwalimu, meza ya chakula ndiyo dawati, na Biblia ndicho kitabu cha kwanza asubuhi. Nimekuwa nikisoma historia yao kwa muda sasa, nikitafuta jibu la jambo moja tu: ilikuwaje watu ambao wazee wao wa imani ndio waliopigania shule wakaishia kuzikimbia? Hebu twende taratibu.

Mwaka 1642 koloni la Massachusetts, lililokuwa mikononi mwa Wapuritani, lilipitisha sheria iliyowataka wazazi na mabwana wenye vijana wa kazi wahakikishe kila mtoto anajua kusoma, anaelewa misingi ya dini na sheria kuu za nchi. Sheria hiyo haikuanzisha shule. Mafunzo yalikuwa kazi ya nyumbani. Lakini wazee wa mji walipewa mamlaka ya kukagua, na mzazi mzembe aliweza kupigwa faini, hata kunyang'anywa mtoto akapelekwa kulelewa na kufundishwa kazi kwa mtu mwingine. Mwaka 1647 ikaja sheria ya pili: mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika, wenye kaya 100 uanzishe shule ya kuandaa vijana kwa chuo. Sababu iliyotajwa ndani ya sheria ni Shetani, kwamba hila yake ya siku nyingi ni kuwazuia watu wasiyajue Maandiko.

Kwa hiyo shule ilizaliwa kama silaha ya kumpiga Shetani. Na serikali ilikuwa imeshaingia jikoni kwa mzazi tangu siku ya kwanza. Hili likumbukeni, tutalirudia.

Uingereza nako kulikuwa na mama mmoja ambaye jina lake hutajwa sana na wazazi hawa. Susanna Wesley, mke wa mchungaji wa Epworth, alizaa watoto 19, na kama 10 hivi ndio waliopona utoto. Wawili kati yao ni John, aliyezaliwa 1703, na Charles, aliyezaliwa 1707, waanzilishi wa Umethodisti. Mwaka 1732 Susanna alimwandikia John barua akieleza alivyowafundisha. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano. Siku ya kwanza alipewa herufi zote, na wengi wao walizijua siku hiyohiyo, isipokuwa mabinti wawili walioongeza nusu siku. Kitabu cha kwanza kilikuwa Mwanzo, sura ya kwanza. Masomo yalichukua saa sita kwa siku. Tena aliweka kanuni kwamba mtoto wa kike asipewe kazi za mikono mpaka ajue kusoma vizuri. Huyo ni mama wa karne ya 18, ndugu zangu! Na kila jioni alimtengea mtoto mmoja muda wa kuzungumza naye peke yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi.

Turudi Marekani. Mwaka 1852 Massachusetts ileile ikawa jimbo la kwanza kulazimisha mahudhurio shuleni, wiki 12 kwa mwaka kwa watoto wa miaka 8 hadi 14. Mississippi ilifunga orodha mwaka 1918. Waprotestanti wengi hawakuona tatizo. Kwa nini walione? Shule ya umma ilikuwa yao: sala ya asubuhi ilikuwepo, Biblia ilisomwa, na ilikuwa tafsiri yao. Walioumia ni Wakatoliki. Mwaka 1844 ugomvi juu ya Biblia ipi isomwe darasani ulichangia ghasia zilizoua watu na kuchoma makanisa mjini Philadelphia. Wakatoliki wakaamua kujenga shule zao.

Ikafika zamu ya wenyewe. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia sala iliyoandaliwa na serikali katika shule za umma. Mwaka 1963 ikazuia usomaji wa Biblia kama ibada. Wapo waliochukulia kwamba Mungu kafukuzwa darasani. Ila tuwe wakweli, sala haikuwa sababu pekee. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni, na katika majimbo ya kusini baadhi ya shule za Kikristo zilizoota baada ya hapo zilikuwa maficho ya wazungu wasiotaka watoto wao wakae na weusi. Historia haina adabu ya kuficha mambo kama hayo.

Shule binafsi, hata hivyo, zina ada. Ndipo wakatokea Raymond na Dorothy Moore, mume na mke, Wasabato, wote walimu. Katika kitabu chao cha mwaka 1975 walidai mtoto hupelekwa darasani mapema mno, akili na macho yake yakiwa bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hoja zao zilipata kipaza sauti katika kipindi cha redio cha James Dobson, kilichosikilizwa na Wakristo nchi nzima. Wakati huohuo John Holt, ambaye hakuwa na ajenda ya dini, alikuwa akiwahimiza wazazi wawatoe watoto shuleni kwa sababu nyingine kabisa: aliona shule inaua hamu ya kujifunza. Mlokole na mwanaharakati wa mrengo wa kushoto wakajikuta wapo boti moja.

Kwa miaka hiyo majimbo mengi yaliwatazama wazazi hawa kama wavunja sheria. Wengine walifunga mapazia saa za shule ili jirani asiwachongee. Mwaka 1983 wanasheria wawili, Michael Farris na Mike Smith, walianzisha chama cha kuwatetea, na kufikia 1993 jambo hili lilikuwa halali katika majimbo yote 50. Mwaka 1994 kipengele kimoja kilipowatia hofu kwamba wazazi watadaiwa vyeti vya ualimu, simu za bunge zilizidiwa na wapigaji. Kipengele kiliondolewa kwa kura 424 kwa 1. Wanasiasa wakaelewa kwamba akina mama wa mezani si wa kuchezea. Mwaka 1999 watoto waliosomeshwa nyumbani walikadiriwa kuwa 850,000, na mwaka 2007 walifika milioni 1.5.

Sasa maisha yenyewe yakoje? Hapa ndipo paliponivutia zaidi. Familia nyingi zimemfufua mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliyeishi kati ya 1842 na 1923. Yeye hakupenda vitabu vya kukariri. Alitaka vitabu hai, vilivyoandikwa na mtu anayelipenda somo lake. Kisomwe mara moja tu, kisha mtoto asimulie kwa maneno yake alichosikia. Masomo ya wadogo yawe mafupi, robo saa au dakika 20, na mchana watoke nje wakachore ndege, majani na wadudu katika daftari. Mtu aliyelelewa na bibi mwenye hadithi hatashangaa: kusimulia tena ulichosikia ni kazi tuliyoifanya bila kujua ni elimu.

Na sikukuu? Massachusetts ya Wapuritani mwaka 1659 iliweka faini ya shilingi tano kwa atakayesherehekea Krismasi, kwa kuwa hawakuiona kwenye Biblia. Sheria hiyo ilifutwa 1681. Leo warithi wa imani hiyo hutumia Desemba nzima kama somo. Huchukua tawi la mti, na kila siku mtoto hutundika pambo moja baada ya kusomewa kisa chake: safina ya Nuhu, kanzu ya Yusufu, kinubi cha Daudi, mpaka hori la Bethlehemu. Huwasha mishumaa ya Majilio, desturi iliyopata umbo lake Hamburg mwaka 1839, pale mchungaji Johann Hinrich Wichern alipofunga mishumaa kwenye gurudumu la mkokoteni ili watoto maskini aliowalea waache kumuuliza kila siku Krismasi ni lini. Wadogo wakahesabu siku, na hapohapo wakajifunza hesabu.

Huku kwetu Ukristo ulikwenda njia ya kinyume. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikusanya watoto waliokombolewa utumwani wakawaweka misheni, na kwa vizazi vilivyofuata kuwa Mkristo msomi kulimaanisha kuondoka nyumbani kwenda bweni. Hata watoto wa wamisionari wenyewe walipelekwa bweni: shule yao ya Kijabe, Kenya, ilianza 1906. Mwaka huohuo shule ya Calvert ya Baltimore ilianza kutuma masomo kwa posta kwa wazazi waliokuwa mbali, wakiwemo wamisionari. Na Sonlight, moja ya mitaala maarufu ya kusomesha kwa vitabu vya hadithi, ilianzishwa 1990 kwanza kwa ajili ya familia za wamisionari ugenini. Kwa maneno mengine, mzungu alimtoa mtoto wetu nyumbani ili amsomeshe, naye wa kwake akamsomesha mezani.

Lakini nisipambe tu. Yapo majimbo, Texas ikiwa mojawapo, ambako mzazi anayeanza moja kwa moja nyumbani hatakiwi kumtaarifu mtu yeyote. Tara Westover, aliyekulia Idaho katika familia ya Kimormoni, ameandika katika kitabu chake cha 2018 kwamba aliingia darasani mara ya kwanza akiwa na miaka 17, chuo kikuu. Alifika mpaka udaktari wa Cambridge, lakini wangapi hawakufika? Mwaka 2013 vijana waliosomeshwa nyumbani waliunda chama chao kudai uangalizi, kwa sababu mtoto asiyeonekana na mwalimu, nesi wala jirani akipigwa au akinyimwa elimu hana wa kumwambia.

Mwaka 1972, Mahakama Kuu iliporuhusu Waamishi kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane, jaji William Douglas alitofautiana na wenzake kwa sehemu. Alihoji: mbona tumewasikiliza wazazi na serikali, na watoto wenyewe hatujawauliza? Kwangu hilo ndilo swali la historia hii yote. Kuanzia 1642 wakubwa wamegombea mtoto ni wa nani, kila mmoja akiwa na Mungu au sheria upande wake.

Mimi sishauri mtu amtoe mtoto shule. Janga la 2020 lilionyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka: kule Marekani kaya zilizosomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1 ndani ya miezi michache, na ongezeko kubwa zaidi lilikuwa kwa familia za weusi. Ila Alhamisi ya Susanna naitamani. Muda wa jioni, mtoto mmoja, kitabu kimoja, runinga imezimwa. Hilo halihitaji kibali cha wizara wala kesi mahakamani. Na mtoto anayesimuliwa, akasimulia, akaulizwa anafikiri nini, huyo tayari kuna mtu anayemwona.

Mnasemaje wadau?