Utabiri Usioamuru: Hiari ya Macbeth Mbele ya Wachawi

Wahakiki wa Macbeth, tanzia ya Shakespeare iliyoandikwa yapata mwaka 1606, wamebishana kwa muda mrefu kama shujaa wake aliangamizwa na wachawi au na uchu wake wa madaraka. Msomaji anayeamini kwamba liandikwalo ndilo liwalo huvutwa na jibu la kwanza. Makala haya yanalikataa, tena kwa ushahidi wa maneno ya wachawi wenyewe.

Wachawi hawamwagizi Macbeth aue. Wanamsalimu kwa cheo cha Glamis, alicho nacho tayari. Kwa cheo cha Cawdor, ambacho Mfalme Duncan amekwisha kumtunukia bila yeye kujua. Kisha kama mfalme wa baadaye. Njia ya kuufikia ufalme hawaitaji. Cheo cha Cawdor kinamfuata alipo, hajanyoosha hata kidole, na Macbeth mwenyewe anakiri kwamba huenda bahati ikamvika taji kwa namna hiyo hiyo. Lakini katika onyesho hilo hilo, kabla hajazungumza na mkewe, picha ya mauaji imekwisha kumjia na kumsisimua mwili. Hakuna aliyemtajia mauaji. Picha hiyo ni yake.

Ushahidi mzito zaidi umo katika sehemu ya tatu ya tamthilia, na nashangaa jinsi unavyopitwa haraka. Ikiwa utabiri hauzuiliki, Macbeth kumuua Duncan ili atawale kulikuwa kazi bure. Ikiwa unazuilika, hapakuwa na sababu ya kuuamini. Macbeth anayashika yote mawili. Banquo, aliyekuwa na Macbeth walipokutana na wachawi, aliambiwa kwamba atazaa wafalme ijapokuwa yeye hatatawala. Maneno hayo yalitoka katika vinywa vile vile, saa ile ile. Macbeth anatuma wauaji wammalize Banquo pamoja na mwanawe Fleance ili yasitimie. Utabiri unaompendelea anauharakisha kwa kisu. Unaompendelea mwenziwe anaukatiza kwa kisu. Mtu aliyesalimu amri kwa majaaliwa hafanyi hivyo. Fleance anaponyoka gizani.

Sehemu ya nne inarudia kosa hilo kwa ukatili zaidi. Mzuka wa pili anaoonyeshwa na wachawi unamhakikishia kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Mara moja anaamua kumwacha hai kabaila Macduff, na mara moja anatengua uamuzi wake, kwani anataka uhakika juu ya uhakika. Akisikia kwamba Macduff amekimbilia Uingereza, anaamuru mke na watoto wa Macduff wachinjwe. Hakuna utabiri uliowataja.

Kwa kawaida Banquo hutolewa kama mfano wa aliyesikia utabiri akabaki safi. Sikubaliani kikamilifu. Katika tarihi ya Holinshed, ambayo Shakespeare aliitumia, Banquo anashiriki katika kumuua Duncan. Mfalme James wa Kwanza, aliyekalia kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1603, alihesabiwa kuwa wa ukoo wa Banquo, hivyo kumwonyesha Banquo jukwaani akiwa muuaji kungekuwa hatari. Shakespeare alimwosha mikono, ila hakumwosha moyo. Mwanzoni mwa sehemu ya tatu, Banquo, akiwa peke yake, anashuku kwamba Macbeth ameupata ufalme kwa hila. Papo hapo anatumaini kwamba fungu lake la utabiri nalo litatimia. Anayoyashuku hamwambii mtu, na mfalme mpya anapomwalika karamuni, anakubali.