Gemu za Stori Zilizobaki Kwenye Vitochi vya Namawala

Wanaosimulia historia ya gemu za kompyuta hupenda kusimama Marekani mwaka 1981, mwaka wa Wizardry na wa Ultima ya Richard Garriott. Unakuwa shujaa, unaingia mapangoni, unapigana, unaokota silaha, unaongezeka nguvu kidogo kidogo, na njiani unakutana na watu wenye maneno yao. Hapa kijijini Namawala, Tanzania, tunaziita gemu za stori, tusizichanganye na za mpira na za magari. Mwaka huo hata mwenye fedha zake asingezipata kirahisi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, zuio lililodumu hadi miaka ya 1990, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994.

Cha kuchekesha, sisi wenyewe tuliingia kwenye kompyuta kabla kompyuta haijaingia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa malaria kutoka kile kituo cha Ifakara alichokianzisha Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950 walikuwa wakitega mbu kwenye nyumba za kijiji hiki. Wakakuta kwamba mkazi mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Takwimu hizo zipo kwenye kompyuta hadi leo na wanasayansi wanaendelea kuzirejea. Mbu wetu wametunziwa kumbukumbu kuliko gemu zetu.

Gemu za stori zilikuja na simu. Si ile simu ya kwanza yenye nyoka tu, bali zilizofuata, zenye Java na sehemu ya kuchomeka memori kadi: Nokia 2700, Nokia 5130, na simu za Kichina za laini mbili zenye spika ya kuamsha mtaa. Mimi nilianza kazi kwa kuchajisha simu kwa sola na kuingiza nyimbo kwenye kadi. Baba mtu alitaka Bongo Fleva na kwaya. Mtoto aliyemfuata nyuma alingoja baba amalize, kisha: "Shikamoo fundi. Naomba na gemu."

Msimu wa gemu ulikuwa msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutoa masuke bondeni, watoto na vijana hushinda kwenye dungu wakifukuza kwelea kwelea, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Gemu ya mpira haifai kule; ukiinua macho tu umefungwa. Iliyofaa ni Doom RPG, gemu ya simu ya mwaka 2005 aliyoshiriki kuitengeneza John Carmack, mmoja wa waliotunga Doom yenyewe. Inachezwa kwa zamu: ukipiga hatua, adui naye anapiga yake, ukikaa kimya, naye anakaa kimya. Kijana anaweza kuiacha simu juu ya mbao, akashika kombeo, akavurumisha tonge la udongo kwenye kundi la ndege, akapiga kelele mpaka sauti ikauke, akarudi na kumkuta adui amesimama palepale. Sidhani kama waliotengeneza gemu ile waliufikiria mpunga, lakini sijaona gemu iliyoelewana na kazi ya mtu kama ile.

Shida ilikuwa lugha. Nyingi zilikuja kwa Kiingereza, nyingine kwa Kirusi au Kichina, kutegemea nani alizichakachua kabla hazijafika Ifakara. Waliocheza walikariri. Kwa mzee wa kwanza bonyeza 5 mara tatu, chagua jibu la pili, usimuuzie panga mwenye duka. Maelekezo hayo yaliandikwa nyuma ya madaftari ya shule na kupokezwa kati ya dungu na dungu. Ningekuwa na madaftari hayo leo ningeyaweka sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Gemu hizo nazikusanya siku hizi, kwa hiyo sasa nifungue faili lenyewe, maana watu hudhani ni kitu cha miujiza. Gemu ya Java ni faili moja lenye herufi jar mwishoni. Ukibadilisha mwisho huo kuwa zip linafunguka kama bahasha: picha ndogondogo, sauti, na ndani ya folda la META-INF karatasi ya maandishi yenye jina la gemu, jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Jina la nje wauzaji walilibadilisha walivyotaka; nimekuta faili limeandikwa "RAMBO" na ndani yake ni Stormhold ya mwaka 2003, ya ukoo wa The Elder Scrolls. Karatasi ya ndani ndiyo shahidi wangu, ingawa wako waliochokonoa hata hapo wakachomeka majina yao.

Tena gemu moja si faili moja. Kioo cha simu hii kilikuwa 128 kwa 160, cha ile 240 kwa 320, na kila kampuni ya simu ilikuwa na vitufe vyake, hivyo watengenezaji walitoa matoleo mengi ya gemu ileile. Ukiweka la Samsung kwenye Nokia unaona nusu ya shujaa. Kwa hiyo anayesema "ninayo" huwa namuuliza anayo ya simu gani.

Halafu ikaja Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza mapema kwamba simu feki zitazimwa. Watu wakabonyeza *#06#, wakatuma namba kwenda 15090 wapate majibu. Usiku wa tarehe 16 zikazimwa. Simu za Kichina zikakosa mtandao, lakini tochi, redio, nyimbo na gemu viliendelea kufanya kazi. Wakubwa wakanunua nyingine, watoto wakarithi zile. Tangu siku hiyo hakuna aliyezifuta wala kuziflashi, kwa sababu hakuna aliyezihitaji kwa jambo la maana.

Humo ndimo nimeokota vingi. Baadhi ya simu hizo zilikuja na programu ya kuchezesha gemu za zamani za Nintendo, na ndani ya folda moja, katikati ya Contra na Mario, nilikuta Final Fantasy ya kwanza kabisa, ya mwaka 1987. Gemu ya wakati wa marufuku, imefika Namawala ndani ya simu iliyopigwa marufuku nayo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Marekani inayotunza historia ya gemu ulisema asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka huko kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Doom RPG ilifumuliwa na wapenzi wake, wakatoa toleo la kompyuta mwaka 2022, lakini ukitaka kulicheza sharti uwe na mafaili halisi ya simu ya zamani. Utayapata wapi kama si kwa aliyeyachukua bila kuuliza? Sitetei wizi, hata mimi nililipwa kwa kurusha vitu visivyo vyangu. Nasema tu kwamba wenye mali walifunga maduka yao, nakala zikabaki kwa wasio na risiti.

Faili la gemu nalitoa kwenye kadi kwa dakika moja, na kwenye simu za kisasa linachezeka kwa J2ME Loader. Linalonishinda ni pale mchezaji alipofikia. Kwenye Nokia hizo hatua zako zinahifadhiwa ndani ya simu yenyewe, na ukiifuta gemu zinaondoka nayo. Anayetaka kuendelea na shujaa wake wa miaka ile lazima simu ileile iwake. Betri si tatizo: ni BL-5C, na redio nyingi ndogo za shambani bado zinaitumia, kwa hiyo madukani haikosekani. Vitufe ndivyo vinavyokwisha, na cha kwanza kufa ni 5, maana ndicho cha kupigania.