Kutoka Yambuku hadi Beni: jinsi safari ya damu ilivyofupishwa, na kinachobaki kwa Opala

Opala, jimbo la Tshopo. Mtoto akiwa na homa isiyoshuka, muuguzi wa kituo cha afya anaweza kupima malaria papo hapo. Kama si malaria, mara nyingi damu inapaswa kusafiri, kwa pikipiki au kwa mtumbwi kwenye mto Lomami, hadi Kisangani. Kwa magonjwa mengine inaendelea hadi Kinshasa. Familia inangoja. Kwa waliokimbia makwao na kulala wengi chumba kimoja, kungoja huko ni kwa hatari zaidi.

Umbali huo una historia yake. Kisangani, ilipokuwa ikiitwa Stanleyville, ilikuwa na maabara kubwa ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1950 watafiti walijaribu huko chanjo ya polio kwa sokwe waliofungwa kambini Lindi, karibu na mji. Vyombo vilikuwepo, lakini elimu ya juu ilibaki mikononi mwa wageni. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Kulikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu wenye uzoefu mwingi. Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliwapa makumi kati yao ufadhili wa masomo kwenda Ufaransa kukamilisha udaktari, kisha warudi kushika hospitali.

Jean-Jacques Muyembe ni wa kizazi kilichofuata. Alisoma udaktari Lovanium, Kinshasa, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, alikopata udaktari wa elimu ya virusi mwaka 1973. Akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, ambako watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana, akawatoa wagonjwa damu bila glavu. Damu ya mtawa mmoja Mbelgiji ilipelekwa Antwerpen kwa ndege, ndani ya termosi, kwa sababu nchini hapakuwa na maabara ya kuutambua ugonjwa huo. Watu 318 waliugua Yambuku na vijiji vya jirani, 280 wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola.

Mwaka 1984 taasisi ya taifa ya utafiti, INRB, ilianzishwa Kinshasa. Hata hivyo, Ebola ilipotokea Kikwit mwaka 1995, damu bado ilivuka bahari, hadi Atlanta, Marekani. Mwaka 2017 ugonjwa ulizuka Likati, katika Bas-Uele, jimbo jirani na Tshopo. Safari hii jibu lilitoka INRB, Kinshasa. Mwaka 2018, katika Kivu ya Kaskazini, maabara ilifunguliwa Beni penyewe, na majibu yakaanza kupatikana kwa saa chache.

Mashine zilisaidia, lakini zilihitaji watu wa kuzitumia. Hata namna ya kuwafundisha ilibadilika. Mwaka 2004 Kenya ilianzisha mafunzo ya miaka miwili ya kufuatilia magonjwa na kuyapima maabarani, ambamo mwanafunzi anakaa darasani muda mfupi na kufanya kazi halisi muda mwingi. Mwaka 2009, Kigali, ulizinduliwa mpango mwingine kwa nchi za Afrika: mfanyakazi wa maabara anahudhuria semina, anarudi kazini kurekebisha kasoro za maabara yake, kisha anaitwa tena kuonyesha alichofanya. Hivyo mtu anajifunza bila wagonjwa wake kuachwa miaka mingi.

Leo Kisangani ina chuo kikuu, UNIKIS, na ISTM, taasisi inayofundisha ufundi wa kitiba. Kwa Opala, kazi iliyobaki ni kumrudisha kijana aliyefunzwa kwenye barabara ya Lomami na kumwezesha kukaa huko. Anahitaji mshahara unaofika, umeme wa jua wa darubini na friji, dawa za kupimia zisizokatika, na njia ya kupeleka Kisangani damu asiyoweza kuipima mwenyewe. Wasaidizi wa 1960 na kijana wa Leuven walikwenda mbali kusoma. Nchi ilifaidika kwa sababu walirudi na wakapata mahali pa kufanyia kazi.