Viatu Vikavu vya Biwott na Somo la Kutua

Wadau, kila Olimpiki ikifika utasikia tu: Mkenya anazaliwa na mbio, hafundishwi. Mimi nasema sifa hiyo inatuumiza. Angalieni mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Mexico City, 1968. Amos Biwott wa Nandi bado ni mgeni kwenye mbio hizi. Pale penye maji kuna kiunzi cha sentimita 91.4, kisha bwawa la mita 3.66. Karibu na kiunzi maji yana kina, halafu sakafu inapanda polepole hadi usawa wa uwanja. Unapita hapo mara saba. Kawaida mtu anakanyaga kiunzi, anajisukuma, anatua kwa mguu mmoja kwenye maji machache. Biwott? Aliruka bwawa zima akatua pakavu! Mzunguko wa mwisho akawapita Benjamin Kogo na Mmarekani George Young, dhahabu ikaja kwa 8:51.0.

Hadithi tamu, lakini tuliishika upande mmoja. Kuruka bwawa zima kunataka uende juu na mbali, na ukishuka uzito wote unaangukia mguu mmoja. Kasi inafia hapo. Anayetua kwenye maji machache, goti limelegea na mwili umeelekea mbele, hatua ya pili tayari iko nje. Kulowa si hasara, hasara ni kusimama. Munich 1972, Biwott alimaliza wa sita.

Siku hiyo ya Munich, fedha ilienda kwa mtu wa mlima huu tunaouona kutoka Kibabii: marehemu Mzee Ben Jipcho wa Elgon, nyuma ya Kipchoge Keino. Wengi wanamjua tu kama aliyemvutia Keino kasi kwenye mita 1,500 kule Mexico. Lakini tarehe 27 Juni 1973, Helsinki, aliweka rekodi ya dunia ya 8:13.91. Mwaka uliofuata, Christchurch, akabeba dhahabu ya Jumuiya ya Madola.

Na bwawa halimheshimu mtu. London 2017, Beatrice Chepkoech alilipita bila kuruka, ikabidi arudi, akamaliza wa nne. Mwaka 2018 huko Monaco akaweka rekodi ya dunia, 8:44.32. Damu ilikuwa ile ile.

Tangu 1968 hadi 2016, kila Olimpiki tuliyoshiriki, dhahabu ya wanaume ya mbio hizi ilikuwa yetu. Tokyo, Soufiane El Bakkali wa Morocco akaichukua, na Paris akairudia.

Sasa niulize: mtoto wa Bungoma au Kitale anajifunzia kutua wapi? Shuleni kwetu tuliruka mbao kwenye nyasi, maji tuliyaona kwa TV. Viongozi wetu, kabla ya jezi mpya na hotuba, tuchimbieni bwawa moja tu. Kipaji kinamfikisha mtoto kwenye kiunzi. Upande wa pili anahitaji mwalimu.