Ngomeni: Kiti cha Amri Kilikuwa cha Nani?

Wasee, tuanze na jina. Ngomeni ni penye ngome. Na ngome yoyote, ya mawe au ya rada, ina swali moja kubwa: nani anatoa amri?

Angalia Uingereza 1940, ndege za Wajerumani zikija kwa mamia. Watu hupenda kusema rada ndiyo iliwaokoa. Lakini Wajerumani pia walikuwa na rada, tena nzuri. Kilichowapa Waingereza nguvu ni mpangilio wa Hugh Dowding, mkuu wa ndege zao za kivita. Aliunganisha rada za pwani na watu waliokaa nje wakichungulia mawingu kwa darubini, wote kwa laini za simu. Taarifa za rada zilichujwa Bentley Priory, karibu na London, zikapangwa kwenye ramani kubwa mezani, kisha amri zikashuka kwa vikosi. Macho, akili, mkono. Mifumo ya ulinzi wa anga bado inafuata ramani hiyo mpaka leo.

Sasa njoo Kilifi. Miaka ya 60, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini hapo Ngomeni. San Marco lilikuwa la kurushia roketi. Santa Rita, lenye chumba cha amri, lilikaa kando, na kebo zikapita chini ya maji kuyaunganisha. Kazi ilikuwa ya sayansi, hakuna aliyekuwa akipiga mtu. Lakini muundo ni ule ule: mkono huku, akili kule. Hata roketi yenyewe, Scout ya Marekani, ilikuwa na damu ya jeshi. Injini ya hatua yake ya pili ilitokana na kombora la Sergeant.

Kwa nini kutenganisha? Scout ilitumia fueli ngumu. Ikishawaka, huizimi kama jiko la gesi. Anayetoa amri lazima awe mbali na moto, na laini yake isikatike.

Kati ya 1967 na 1988, Scout tisa zilipaa kutoka pale. Ile maarufu iliondoka 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani, na Wamarekani wakaiita Uhuru kwa heshima ya Kenya. Data zake zilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel 2002.

Jina zuri, lakini hebu hesabu. Roketi na setilaiti za Wamarekani, majukwaa ya Waitaliano. Sisi tulitoa bahari, siku kuu na neno. Uhuru ilipaa, kiti cha amri kikabaki cha wageni.

Mambo yamesonga, sikatai. 2016 Kenya na Italia zilitia saini makubaliano mapya kule Trento. 2017 tukaanzisha Shirika la Anga za Juu la Kenya. 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Halafu 15 Aprili 2023, Taifa-1 ikapaa. Kutoka wapi? California, juu ya roketi ya SpaceX.

Kuna wanaosema dawa ni kufufua majukwaa turushe roketi zetu. Mimi naona tunaanzia mkononi tukiruka akili. Dowding alijenga laini na watu wa kuzisoma kabla vita havijafika, ndiyo maana ndege chache zilitosha. Antena za Ngomeni bado zinapokea data za setilaiti za wengine, kama Swift ya NASA. Hapo ndipo pa kudai nafasi: vijana wa Kilifi wanaosoma hizo data, wanaofuatilia setilaiti, na siku moja wanaotuma amri wenyewe.

Chuma cha baharini kinashika kutu. Ujuzi wa kuamuru unarithishwa. Ngome ikiwa kwenu na amri iko kwa jirani, nyinyi ni walinzi wa geti tu.