Trela si mtumba

Mtumba kwa asili ni robota, mzigo wa nguo uliofungwa. Siku hizi, Kitengela hadi Kajiado mjini, jina hilo hupewa hata trela kuukuu ya kusafirishia mifugo, na hapo ndipo ninapolikataa: robota hununuliwa likiwa limefungwa, ilhali trela sharti ikaguliwe hadi uvunguni. Mkojo wa ng'ombe huozesha mbao za sakafu na kula chuma kilicho chini yake, na mpira uliotandikwa juu huficha yote. Uinue, dunga mbao kwa bisibisi, kisha lala chini utazame chesisi. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mathalani 2319, husema lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nambari ya chesisi nayo ilingane na ya logibuku.

Wapo watakaosema maana imepanuka, mtumba sasa ni chochote kilichotumika. Kwa nguo na viatu, sawa. Lakini ng'ombe atakayesimama juu ya sakafu hiyo hadi soko la Bissil hawezi kuikagua mwenyewe, na muuzaji asemaye "ni mtumba tu" anakwepa kueleza trela ilibeba nini, na kwa nini ilichomelewa upya.