Vinasaba vya Mafuta
Nasaba, neno ambalo wazee wa pwani hulitaja pale mtu anapoulizwa ni mwana wa nani na wa ukoo gani, limepewa kazi isiyotarajiwa: tangu 2010 mafuta yauzwayo katika soko la Tanzania hutiwa vinasaba, yaani kemikali zisizoonekana kwa macho, ili mkaguzi achotapo sampuli kituoni apate kubaini kama yamelipiwa ushuru au la. Aliyelichagua neno hili anastahili sifa.

Chanzo cha kutia vinasaba kilikuwa bei. Mafuta ya taa, nuru ya maskini, yalitozwa ushuru hafifu, nayo dizeli ushuru mzito. Basi wenye tamaa wakayachanganya, wakatia mfukoni tofauti ile, na injini za watu zikaharibika (ndipo neno kuchakachua, yaani kuchanganya kwa hila, lilipovuma mitaani). Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ukaribiane na wa dizeli, hila ikapungukiwa na faida. Lakini gharama ya dawa hiyo, kwa rai yangu, ilimwangukia mwenye kibatari na jiko la utambi, ambaye hakuchakachua kitu, na ambaye kimbilio lake, aghalabu, ni mkaa.